SAA ZA JIONI NI ZETU: WAFANYAKAZI WA SPRINGFIELD NA DARUBINI ZAO



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo, mikataba na ajali za kazini. Safari hii tutazungumza juu ya nyota. Najua wapo watakaocheka na kuuliza: mtu aliyetoka zamu, mgongo unamuuma na mikono imejaa grisi, nyota zinamhusu nini? Si mambo hayo ni ya maprofesa na watu wenye nafasi?

Swali hilo lilikwisha kujibiwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko Marekani. Hawakulijibu kwa hotuba, walilijibu kwa mikono yao. Kisa chao chafaa kusimuliwa katika matawi yetu, maana ndani yake mna jambo linalotugusa sote: baada ya king'ora cha kutoka kulia, saa zinazobaki ni za nani, na zitumike kwa kazi gani?

MJI WA MASHINE

Springfield ni mji mdogo katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Mto uitwao Black River unapita mjini kwa maporomoko, na nguvu za maji hayo ndizo zilizovuta viwanda. Havikuwa viwanda vya nguo wala vya sukari. Vilitengeneza mashine za kutengenezea mashine nyingine: za kukereza chuma, za kukata meno ya giya, na za kusaga vyuma kwa vipimo vya hali ya juu. Kimojawapo kiliitwa Jones & Lamson, nacho kilihamia mjini hapo mwaka 1888.

Kwa hiyo wafanyakazi wa mji ule walikuwa watu wa vipimo. Fundi aliyekosea kidogo tu alirudishiwa kazi yake. Macho yao na vidole vyao vilikwisha kufundishwa na chuma kwamba "karibu sawa" si sawa.

Jambo la pili la kujua ni baridi ya huko. Sisi tunapolalamikia baridi ya Julai tunavaa sweta. Vermont ina majira ya baridi hasa. Mwezi wa Desemba jua huonekana kama saa 9 tu, na usiku huwa wa saa 15. Theluji hufunika mashamba, barabara na mapaa, na usiku mwingine baridi hushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Watu huvaa viatu vipana kama nyungo ili wasizame katika theluji. Kazi nyingi za nje husimama, mtu hukaa ndani karibu na jiko, na jioni huwa ndefu kweli kweli. Jioni ndefu kama hizo mtu aweza kuzimaliza kwa ulevi na kwa karata. Aweza pia kuzifanyia jambo.

CHUMBA CHA JOTO CHA MENEJA

Mkuu wa kiwanda cha Jones & Lamson aliitwa James Hartness. Alikuwa mvumbuzi mwenye hati za uvumbuzi zaidi ya 100, na baadaye alikuwa gavana wa Vermont tangu 1921 hadi 1923. Mashine yake iliyosifika zaidi ilikuwa ya kukereza, yenye kichwa kinachozunguka na kuleta chombo kimoja baada ya kingine mbele ya chuma.

Hartness alipenda sana nyota lakini hakupenda baridi. Basi kiasi cha mwaka 1910 alijijengea darubini ya ajabu karibu na nyumba yake. Aliweka kichwa cha chuma kinachozunguka, kama kile cha mashine yake, na darubini ikatokeza nje ya kichwa hicho huku yeye mwenyewe amekaa ndani penye joto. Alichimba na njia ya chini ya ardhi, yenye urefu wa zaidi ya mita 70, kutoka nyumbani hadi penye darubini. Aliweza kutazama mbingu usiku wa theluji bila kuvaa koti.

Hatuna haja ya kumlaani wala kumsujudia kwa hilo. Alikuwa na fedha, na fedha hizo zilitokana na mashine zilizotengenezwa na mikono mingi pamoja na akili yake. Jambo la kutazama ni hili: wakati huo, darubini nzuri ilikuwa kitu cha mtu wa namna hiyo. Kabwela hakuweza hata kuota kuinunua.

MTU ALIYERUDI KWAO

Mwaka 1919 mtu mmoja alirudi Springfield kufanya kazi katika kiwanda hicho. Aliitwa Russell Porter, naye alizaliwa mji huo huo mwaka 1871. Alisoma ujenzi wa majumba, lakini miaka mingi ya ujana wake aliipitisha katika safari za kwenda nchi za barafu karibu na Ncha ya Kaskazini. Safari moja, iliyoanza mwaka 1903, meli yao ilivunjwa na barafu, wakakwama huko mpaka mwaka 1905 walipokuja kuokolewa. Mtu wa namna hiyo hakutishwa na baridi ya Vermont.

Porter alijua kuchora, alijua kupima kwa nyota, na alikwisha kujifundisha kutengeneza darubini kwa mikono yake. Mwaka 1920 alitangaza kwamba atafundisha mtu yeyote anayetaka kujitengenezea yake. Wakajitokeza watu 16, wanaume 15 na mwanamke mmoja. Karibu wote walikuwa wafanyakazi wa Jones & Lamson.

Hawakuwa wanachuo. Walikuwa watu wa karakana, waliokuja baada ya kazi. Hawakuahidiwa cheti wala nyongeza ya mshahara.

BANDU BANDU HUISHA GOGO

Yafaa nieleze kazi yenyewe, maana kila fundi atakayesoma hapa ataielewa.

Darubini ya namna hii haitumii lenzi kubwa mbele. Hutumia kioo chenye bonde kidogo, mfano wa sahani, kinachokaa chini ya bomba. Mwanga wa nyota huingia juu, hushuka, hugonga kioo na kurudi ukiwa umekusanywa mahali pamoja. Kioo kidogo kilicholala upande huutoa nje ya bomba penye jicho la mtazamaji. Mwingereza Isaac Newton alitengeneza ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1668.

Kazi yote ni kile kioo. Huchukuliwa vipande viwili vya kioo kinene, mviringo, tuseme vya upana wa inchi 6. Kimoja hufungwa juu ya pipa au nguzo, wala hakisogei. Katikati hutiwa maji na unga mkali uitwao kaborandamu, ule ule ambao mafundi wanaujua katika mawe ya grainda. Kipande cha pili huwekwa juu, nacho husukumwa mbele na kurudishwa nyuma. Baada ya misukumo michache, kioo hugeuzwa kidogo, na fundi naye huhama hatua moja kuzunguka pipa. Husukuma tena, hugeuza, huhama. Huo ndio mwendo, usiku mmoja baada ya mwingine.

Ajabu ni kwamba bonde hujichonga lenyewe. Kioo cha juu kinaposogezwa, katikati yake huelemea ukingo wa kile cha chini. Basi cha juu huliwa katikati, na cha chini huliwa pembeni. Taratibu cha juu hupata shimo na cha chini hupata mgongo. Na kwa kuwa fundi anazunguka na kugeuza bila kuacha, makosa ya mkono mmoja husahihishwa na mzunguko mzima, nyuso mbili zikashikana vema kila upande. Hakuna mashine ya gharama inayotakiwa. Kinachotakiwa ni saburi.

Msidhani bonde hilo ni kubwa. Kwa kioo cha inchi 6 kinachokusanya mwanga kwa umbali wa inchi 48, kina chake katikati ni milimita moja na kidogo tu. Ukikilaza mezani hutaliona kwa urahisi.

Baada ya unga wa chembe kubwa huja wa chembe ndogo, kisha mdogo zaidi, mpaka kioo kinakuwa laini kama ganda la yai. Kila ukibadilisha unga huna budi kuosha kila kitu: meza, ndoo, mikono, hata mikono ya shati. Chembe moja ya unga wa kwanza ikibaki, itachora mkwaruzo na kuharibu kazi ya wiki nzima.

Kisha huja kung'arisha. Kipande cha chini hupakwa lami, na juu yake hutiwa unga mwekundu, ambao kwa kweli ni kutu ya chuma iliyosagwa laini sana. Hapa ndipo baridi inapoleta ugomvi. Lami ikipoa kupita kiasi huwa ngumu kama jiwe, na ikipata joto mno hutiririka. Katika nchi ya theluji, mng'arishaji hana budi kupata chumba chenye joto lisilopanda wala kushuka. Ndiyo maana jikoni na vyumba vya chini vya nyumba ndivyo vilivyogeuka karakana za darubini.

KUPIMA KWA WEMBE

Fundi atauliza: vipimo je? Hapo ndipo kazi hii inapomvua mtu kofia.

Kioo cha darubini kikikosewa kwa zaidi ya sehemu ndogo ya wimbi la mwanga, nyota haionekani kama nukta, huonekana kama uji. Kosa linalovumiliwa ni kama sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Hakuna rula, hakuna kalipa, wala kipimo chochote cha karakana ya kawaida kinachoweza kufika hapo.

Lakini Mfaransa mmoja, Léon Foucault, alikwisha kuonyesha njia katika miaka ya 1850. Unahitaji taa, kopo lenye tundu dogo kama la sindano, na wembe. Kioo husimamishwa ukutani, nawe unakaa mbali nacho, kama mita mbili na nusu kwa kile cha inchi 6. Mwanga wa tundu hutoka, hugonga kioo na kurudi machoni pako. Unapoukata mwanga huo polepole kwa makali ya wembe, uso wa kioo hujaa vivuli, na kila kilima na kila shimo huonekana kana kwamba ni nchi inayopigwa na jua la asubuhi. Ukiweka kidole gumba juu ya kioo kidogo tu, kisha ukarudi kutazama, utaona kilima kimesimama pale ulipogusa, kwa sababu ya joto la kidole. Hukaa hapo mpaka kioo kipoe.

Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Kwa taa, kopo na wembe, mtu aliyetoka zamu jioni alipima kwa usahihi kuliko vipimo vyote alivyopewa na mwajiri mchana.

Kioo kikiisha hupakwa utando mwembamba wa fedha ili kirudishe mwanga. Siku hizi hutumika zaidi alumini. Bomba na miguu hutengenezwa kwa kilichopo: mbao, mabomba ya maji na viungo vyake, vyuma vya gari bovu. Mwaka 1921 Porter aliandika katika jarida la elimu ya nyota makala aliyoiita "Darubini ya Mtu Maskini". Jina hilo lilieleza kila kitu.

NYUMBA YA KILIMANI

Wale wanafunzi walipomaliza darubini zao hawakutawanyika. Tarehe 7 Desemba 1923, majira ya baridi yakiwa yameanza, waliunda chama chao, Springfield Telescope Makers, yaani Watengeneza Darubini wa Springfield. Katika kipindi hicho walijenga nyumba ya chama kwa mikono yao juu ya kilima kiitwacho Breezy Hill, mbali na taa za mji. Waliipaka rangi ya waridi, na wakaipa jina la Stellafane, lenye maana ya hekalu la nyota.

Sijasahau chumba cha joto cha Bwana Hartness. Wale wafanyakazi nao hawakukisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 chama kilikuwa na darubini yake hapo kilimani iliyochorwa na Porter: nyumba ya zege yenye kichwa cha chuma kinachozunguka, kioo cha inchi 12 nje, na mtazamaji amekaa ndani, upepo haumpati. Kile kilichokuwa starehe ya mtu mmoja nyumbani kwake kikawa mali ya chama. Hawakukiomba. Walijifunza namna kinavyofanya kazi, wakakijenga.

USIKU WA BARIDI

Kwa watu wa vyama kama hivi katika nchi za theluji, majira ya baridi yamegawanyika mara mbili. Siku za mawingu ni za ndani: kusaga vioo, kupima, kufundisha wageni. Siku za mbingu safi ni za nje, na hizo hazichezewi. Usiku ni mrefu, hewa ni kavu, na giza huingia mapema, hata mtu wa zamu ya mchana aweza kutazama saa mbili tatu na bado akawahi kulala.

Lakini baridi ina sheria zake. Darubini hutolewa nje mapema, kabla ya kutumika. Kioo kikiwa bado na joto la nyumba, hewa iliyo juu yake hucheza, na picha hutetemeka kama barabara ya lami wakati wa adhuhuri. Mtazamaji huvaa nguo nyingi nyembamba badala ya koti moja nene, na hulinda zaidi miguu na kichwa. Chuma kilichopoa sana hakishikwi kwa mkono mtupu, maana ngozi hunata. Pumzi haipulizwi penye kioo cha jicho, maana huganda palepale kuwa barafu. Taa huwa nyekundu na hafifu, kwa sababu macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe wa dakika moja huharibu yote. Na kinywaji cha moto hakikosekani.

Wanatazama nini? Mwezi, wenye milima na mashimo ambayo vivuli vyake hubadilika usiku hata usiku. Sayari ya Mshtarii na miezi yake minne mikubwa, ambayo Galileo aliiona mwaka 1610 na ambayo huhama mahali kila siku. Zohali na pete zake. Na katika majira hayo, lile kundi lenye nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, ambalo chini ya mstari huo lina wingu la gesi ambamo nyota mpya zinazaliwa. Mwanga wa wingu hilo husafiri miaka kama 1,300 kabla ya kutufikia. Kioo cha inchi 6 hukusanya mwanga zaidi ya mara 400 kuliko jicho la mtu gizani. Hiyo ndiyo faida ya kuzunguka pipa usiku wote ule.

HABARI ZIKAENEA

Mwaka 1925 Albert Ingalls, mhariri wa jarida la Scientific American, alikwenda kuwaona watu hawa, akaandika habari zao. Barua zikamiminika kutoka kwa watu waliotaka kujua njia. Mwaka 1926 kilitoka kitabu cha mafundisho, na mwaka huo huo chama kikaita mkutano wa kwanza wa watengeneza darubini pale kilimani. Walihudhuria watu kama 20. Siku hizi mkutano huo huwaleta mamia, kila mmoja na chombo chake.

Porter mwenyewe aliitwa California mwaka 1928 kusaidia kuchora darubini ya mlima Palomar, yenye kioo cha inchi 200, iliyozinduliwa mwaka 1948. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani. Yule mwalimu wa jioni wa wafanyakazi alihitajiwa na wakubwa wa elimu. Na ilipokuja Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vioo vigumu vya pembe kwa ajili ya darubini za jeshi vilipungua, ikabidi serikali ya Marekani ipate msaada wa hao hao watu wa vyumba vya chini. Ujuzi ambao hapo awali ulionekana mchezo, siku ya dhiki ulikuwa akiba ya nchi.

NANI ALIFAIDI?

Hapa sharti tuseme kama watu wa chama cha wafanyakazi. Ujuzi wa mwanga na vioo ulikisaidia pia kiwanda. Hartness na Porter walibuni chombo cha kupima nyuzi za skrubu kwa kutupa kivuli chake kikubwa juu ya ukuta, na Jones & Lamson wakakiuza. Kwa hiyo mtu akisema kwamba kumwelimisha mfanyakazi ni hasara, mwonyesheni Springfield. Lakini tusikubali pia kwamba elimu ya mfanyakazi ina maana pale tu inapomzidishia mwajiri faida. Wale 16 hawakusaga vioo kwa ajili ya skrubu. Walitaka kuona.

Na ili uone, wahitaji muda. Mwaka 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma kudai siku ya saa 8, na wengine walipoteza maisha kwa dai hilo. Mwaka 1919, mwaka mmoja kabla ya darasa la Porter, mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani ulikaa Washington na kupitisha mkataba wake namba 1: saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki katika viwanda. Katika Marekani kwenyewe, sheria ya wiki ya saa 40 ilipitishwa mwaka 1938 na kukamilika mwaka 1940. Wakulima vibarua waliachwa nje ya mkataba ule wa 1919, nao waliachwa nje ya saa za sheria ile ya 1938. Ndugu zetu wa mashambani, wanaokata na kuchuma kwa kipande kabla jua halijachomoza, hawahitaji kuambiwa maana ya kuachwa nje.

Tunapodai saa, wengine hudhani tunadai usingizi tu. Usingizi ni haki, lakini siku ina saa 24, si 16. Nimekaa katika mazungumzo ya mkataba ambamo mwajiri alikubali kujadili sabuni na viatu vya mpira, lakini tulipotaja chumba cha kusomea jioni akauliza, "Cha kazi gani?" Jibu ni hilo la Springfield: cha kazi yetu wenyewe.

KIWANDA KIMEKUFA, CHAMA KINAISHI

Tangu miaka ya 1980 viwanda vya mashine vya Springfield vilididimia. Biashara ilihama, wenye mali walibadilika, na watu wengi walipoteza kazi. Jones & Lamson kimekwisha fungwa. Mji uliokuwa ukipiga king'ora asubuhi na jioni ukanyamaza.

Stellafane bado ipo. Mwaka 1989 serikali ya Marekani iliiandikisha kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Wajukuu wa mafundi wale, na wageni wa kila namna, bado wanapanda kilima kile. Sisemi kwamba darubini humlipa mtu pensheni. Aliyefukuzwa kazi anahitaji kiinua mgongo, wala hashibi nyota. Nasema kwamba kile mwajiri alichokiweka katika mji kiliondoka pamoja na mwajiri, na kile ambacho wafanyakazi walikiweka kwa pamoja kimebaki. Tawi lolote lenye vikao vyake, vitabu vyake na ujuzi wake laweza kujifunza hapo.

SISI TUANZIE WAPI?

Hatuna theluji, wala hatuhitaji kuwa nayo. Wengi wetu wa mashambani tuna kitu ambacho watu wa miji mikubwa wamekipoteza: giza safi. Tena walio karibu na ikweta huona nyota za kaskazini na za kusini, wakati mtu wa Vermont nyingine za kusini hazioni maisha yake yote. Kilimia, ambacho wazee wetu walikipa jina kwa sababu ya kulima, ni kile kile kinachoonekana juu ya kilima cha Stellafane mwezi wa Desemba. Wazee wetu walisoma mbingu bila kumlipa mtu.

Basi tawi lifanye hivi. Kwanza, chagueni jioni moja kwa mwezi, mwezi ukiwa haujawaka, na mahali mbali na taa za kambi. Pili, mwombeni mwalimu wa shule ya jirani aje na ramani ya nyota, na mzee anayejua majina ya kwetu aje pia, kila mmoja amfundishe mwenzake. Tatu, anzeni kwa macho matupu. Mwezi wa kwanza jueni Zuhura, Kilimia, na zile nyota tatu za mstari. Nne, mkichanga kidogo kidogo, darubini ndogo ya macho mawili iliyokwisha kutumika yatosha kuonyesha miezi ya Mshtarii, ikiegemezwa juu ya nguzo isitikisike. Tano, kama tawi lina mafundi wenye mikono mizuri, kioo cha inchi 6 si jambo la miujiza. Njia yake nimeieleza hapo juu. Jambo moja msilisahau: msitazame jua kwa chombo chochote cha namna hii hata kwa nukta moja, maana ni kupofuka. Watoto waangaliwe hasa.

Na katibu wa tawi aandike mezani, katika madai ya mkataba ujao, chumba kimoja chenye meza na taa, kifunguliwe jioni kwa wafanyakazi na wake na waume zao. Mwajiri akiuliza ni cha kazi gani, msigombane naye. Msomeeni makala haya, kisha rudini kwenye dai.